Uadui wa Radi na Wimbi Ulivyoanza

Sehemu ya Tisa

Mnaoniandikia barua za kunitukana, endeleeni. Mama mmoja wa Mulongwe ameniuliza kama sina haya kuyaanika mambo haya gazetini. Ninayo, mama. Leo ndipo utakapoiona.

Kwa aliyekosa majuma yaliyopita, nifupishe. Mimi ni Tariki wa Nyamianda, mchoraji. Rafiki yangu alikuwa Ngendakumana wa Kiringye, ambaye wote tulimwita Ngenda. Tulikaa dawati moja shuleni Uvira, mimi mtoto wa chuo cha Kurani na msikiti, yeye mtoto wa mihogo na misa. Siku moja, katika robota la mitumba, tukapata kitabu cha manga mfukoni mwa koti, picha tupu na maandishi ya Kijapani. Ngenda akakifungua kwa kushoto, akasema hadithi gani hii inaanza na maiti na kuishia na harusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, geuza, hiki kinasomwa kutoka kulia, kama msahafu.

Ndipo tukawazaa Radi na Wimbi, mashujaa wa ziwa, watoto wa mzimu mmoja, marafiki waliogeuka maadui. Mimi nilichora, Ngenda akaandika maneno. Radi nilimpa sura ya Ngenda, Wimbi nikampa sura yangu. Kaka yao mkubwa, Jabali, nikampa sura ya kaka yangu Asani. Tukafuata utaratibu wa Wajapani, kulia kwenda kushoto, na kwenye ukurasa wa kwanza Ngenda akaandika kwa herufi zake nzuri: "Anzia huku," na mshale. Mama Sidonie, mwenye mashine pale mjini, akatutolea fotokopi. Kitabu kikasomwa mpaka Sange.

Tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya ukurasa mmoja. Wakati ule Asani alikuwa amejificha juu ya dari ya nyumba yetu, maana alikuwa fundi wa radio na askari waliotawala mji walimsingizia kuongea na wapiganaji wa porini. Mimi nikachora Jabali amejificha darini. Nikachora na nyumba, mlango wa kijani, ngazi mbili za saruji, ya chini imevunjika pembe.

"Badilisha hii nyumba," Ngenda akaniambia.

"Mukono yangu haijue kudanganya," nikamjibu. Nilidhani ni wivu wa mtu asiyejua kuchora.

Wiki mbili baadaye askari walikuja mchana kweupe. Hawakuuliza mtu, hawakupekua chumba. Walipanda darini moja kwa moja, wakamshusha Asani kwa miguu. Na katika gari yao, kiti cha mbele, alikuwa amekaa Ngenda.

Siri ya dari ile tuliijua watu wanne tu: Asani, mimi, dada yetu Riziki, na Ngenda. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaipata.

Asani hakurudi. Ngenda alitoroka, akajificha kwao Kiringye. Mara mbili alinitumia watu kuniomba tuonane. Wa kwanza nilimfukuza kwa matusi, wa pili nikammwagia maji ya vyombo. Miaka miwili nililala na jina la Ngenda mdomoni. Nililitafuna kama mtu anayetafuna mwiba wa samaki, hatemi wala hamezi.

Wasomaji wetu walikuwa wakiniuliza barabarani: "Tariki, Radi na Wimbi waligombana juu ya nini? Mbona hamukutuambia mwanzo?" Basi mwaka huo wa 2002 nikakaa peke yangu nikauchora mwanzo. Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, nikitoka kwa Mama Sidonie na vitabu vya moto mkononi.

Sikuandika neno hata moja ndani. Maneno yalikuwa kazi ya Ngenda, na herufi zangu ni kama kuku kapita. Nilichora kurasa sita tu. Ya kwanza, Radi na Wimbi wanakula sahani moja na kaka yao Jabali. Ya pili, wanamficha Jabali pangoni. Ya tatu, Radi anakwenda kwa Watu wa Chuma, yaani askari. Ya nne, Watu wa Chuma wamemfunga Jabali kamba. Ya tano, Wimbi anamnyooshea Radi kidole, msaliti! Ya sita, Radi yuko peke yake kwenye matete, anawindwa kama panya.

Radi nilimchora Ngenda mwenyewe. Sikio lake la kulia lenye pengo, jino la mbele lililopishana, mkono wa kushoto anaotumia kwa kila kitu. Nikavituma vitabu bondeni, Luvungi, Lubarika, Kiringye kwao. Nilitaka watu wa kijiji chake wamwone. Nilitaka akienda kuchota maji wamtemee mate.

Sasa tuendelee.

Haikupita wiki mbili, mama yake akanijia. Mama Concilie alitoka Kiringye akibebwa na baiskeli ya mihogo, akafika Nyamianda vumbi mpaka kwenye kope. Mama yule alinilisha mimi. Likizo ngapi nilikula kwake maharage na ndizi nikaongezewa bila kuomba.

"Tariki mwanangu," akasema, hata hakukaa. "Wamemuchukua Ngenda."

"Nani?"

"Vijana wa porini, wale wa Komanda Thaddée. Wako naye Lubarika. Sababu ya kitabu chako. Walimujua kwa sikio."

Niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, nikageuka ukutani ili mama wa watu asiione.

"Anakuita," akaendelea. "Amesema ukuye weye, muntu mwingine hapana. Wale vijana wanasema kama Radi ni..."

"Mama, basi. Nimesikia." Sikutaka kusikia mengine. Nilichotaka kusikia nilikuwa nimekisikia.

"Utakuya?"

"Nitakuja."

Akanishika mikono yote miwili, akanibariki kwa Kirundi. Nikamwacha anibariki.

Dada yangu Riziki alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Alinifuata uani nikifunga viatu.

"Yaya Tariki, kaka yangu, unaenda kumutoa, ao unaenda kumuangalia akikufa?"

"Nitaenda kusema ukweli."

"Uso yako haiko ya muntu mwenye anaenda kusema ukweli," akasema, akarudi ndani kwenye moto wake.

Tulifika Lubarika siku ya pili, saa nne asubuhi. Njia nzima nilikuwa nikiandaa hotuba. Nitasimama mbele ya watu, nitasema, ndiye huyu, mtazameni sikio. Nitamuuliza Asani yuko wapi. Nitataka anijibu kabla hawajamfanya lolote.

Kwenye bariere, kizuizi cha njiani, vijana wawili wenye bunduki walinitazama. Mmoja akatoa kitabu changu kwenye shati. Akatazama ukurasa, akanitazama mimi, akatazama tena.

"Weye ni Wimbi," akasema.

Nikajivuna. Hata porini wananijua! "Ndiye," nikasema. "Na ndiye minye mwenye nilichora."

"Amekuya mwenyewe!" akapiga kelele. "Wimbi amekuya kwa miguu yake!"

Kabla sijacheka, nilikuwa chini, goti la mtu mgongoni, mikono inafungwa kwa kamba ya katani. Mama Concilie alikuwa akilia, "Hapana, hapana, huyu ni mwanangu," wala hakuna aliyemsikiliza.

Walinisukuma mpaka uwanja wa shule. Hapo nikamwona Ngenda.

Hakuwa amefungwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu, amevikwa majani shingoni, na miguuni pake chupa ya bia ya Primus na sahani ya mbuzi. Watu wamemzunguka wanamtazama kama askofu. Uso wake tu ndio haukuwa wa sherehe. Alikuwa amekonda, na alikuwa ananitazama mimi.

"Karibu, Wimbi," akasema mtu mwenye miwani na bunduki. Huyo ndiye Komanda Thaddée. Kabla ya vita alifundisha darasa la tano miaka kumi na moja, na bado alisimama kama ubao uko nyuma yake. "Tumekutafuta. Tulifikiri tutakufuata mpaka Uvira."

"Komanda, iko makosa. Muntu mubaya ni ule."

"Sisi tunajua kusoma," akasema. Akakiinua kitabu changu juu, akakifungua. Akakifungua kwa kushoto.

Mshale! "Anzia huku" ilikuwa kazi ya Ngenda siku zote, na mimi, katika hasira zangu za kufanya peke yangu, sikuweka mshale, sikuweka namba, sikuweka neno.

Komanda akasoma picha kwa sauti, kama anafundisha, na watu wakamwitikia. "Huyu Radi. Anawindwa mu matete. Juu ya nini? Angalia ukurasa ingine. Wimbi amemuonyesha kidole! Rafiki yake mwenyewe amemuuzisha! Sasa angalia huyu mukubwa, Jabali, amefungwa kamba. Radi anafanya nini? Anakimbia? Hapana! Anaenda kwa Watu wa Chuma yeye peke yake. Anamutoa Jabali. Anamuficha mu pango. Na mwisho?"

"Wanakula!" watu wakajibu.

"Wanakula sahani moja. Na hata Wimbi amesamehewa, anakula pale pale. Radi ana roho muzuri. Sisi hatuna roho muzuri hivyo." Akanigeukia. "Kesho Radi anatembea mbele yetu tukiteremka bonde. Risasi haimugusake. Lakini weye, Wimbi, mto Ruzizi iko hapa chini, haiko mbali."

Nikaelewa alichotaka kunieleza Mama Concilie nilipomkatiza. Kitabu nilichochora kumzika Ngenda kilikuwa kimemfanya mtakatifu, na aliyefungwa kamba nilikuwa mimi.

Hasira ilinipanda kuliko hofu. Hata hapa! Hata hapa ananishinda!

"Munasoma kinyume!" nikapiga kelele. "Kitabu hii inasomwa kutoka kuume! Geuza! Radi ndiye alipeleka Watu wa Chuma, Radi ndiye muuzaji! Alimuuzisha kaka yangu Asani, watu wote wa Nyamianda wanajua!"

Komanda akavua miwani, akaifuta. "Kutoka kuume? Nani anasomaka kutoka kuume?"

"Wajapani. Na sisi Waislamu, mu chuo."

"Nilifundisha miaka kumi na moja, sijaona." Akamgeukia Ngenda. "Radi, kitabu ya kwanza iko na jina yako pia. Sema weye. Inasomwa namna gani?"

Hapo, msomaji wangu, kama ungekuwa Ngenda ungesema nini? Neno moja tu, "kushoto", na mimi ningekuwa chakula cha mamba mchana ule. Mimi ningelisema bila kumeza mate.

Ngenda akainuka kitini. Akavua yale majani shingoni, akayaweka chini.

"Anasema kweli," akajibu. "Vitabu vyetu vinasomwa kutoka kuume. Yeye ndiye alinifundisha."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akaiondoa ile sahani ya mbuzi. Vijana wawili wakasogea wakamshika Ngenda mabega, na Mama Concilie akakaa chini mavumbini.

Nami nikafurahi tena. Mara ya pili. Ziandikeni zote mbili.

"Lakini, Komanda," Ngenda akasema, "kitabu inasomwa kutoka kuume, na ni bongo, ni uongo. Tariki amechora kitu hakuona. Iko karatasi muliitoa mu kiatu yangu. Mumupe aisome."

"Ile hirizi?" Komanda akauliza.

"Haiko hirizi. Ni barua. Nimetembea nayo miaka mbili. Minye siwezi kuisoma, na hapa hakuna mwenye anaweza, ni yeye tu."

Komanda akaitoa kwenye mfuko wa shati, kwa vidole viwili, kwa heshima. Walikuwa wameihifadhi wakidhani ndiyo inayomkinga Radi na risasi. Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nane, imechakaa kwenye mikunjo. Wakanifungua mikono.

"Unasema unasomaka kutoka kuume. Soma," akasema Komanda. "Na musikie wote wawili. Muongo kati yenu leo anaoga mu Ruzizi."

Nikaikunjua. Ilikuwa Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, mimi na Asani kwenye mkeka mmoja. Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Kaka yangu alikuwa hawezi kuandika *kaf* bila kuipinda.

Nikaanza kusoma kimoyomoyo.

"Tariki, ndugu yangu. Niko hai. Niko Kigoma, natengeneza radio. Naandika hivi ili askari wakimupekua mwenye kuileta wasielewe.

"Askari walikuja na kitabu yenu mukononi. Nilikuwa nawaona kwa tundu ya bati. Walifungua ukurasa ya nyumba, wakalinganisha mulango, wakalinganisha ngazi yenye kuvunjika, wakapanda. Hakuna muntu aliwaonyesha. Ni picha.

"Ngenda alikuwa ameenda mbio kwa hao askari, kabla hawajafika. Aliwaambia picha ni yake, amechora yeye, weye hujui kitu. Ndiyo maana walimupakiza mbele. Bila hiyo wangekupakiza weye. Gari ilizama mu matope karibu na Ruzizi, wakatushusha tusukume, akanikata kamba na wembe wake wa kuchongea kalamu, akanisindikiza mpaka huku Kigoma.

"Riziki asijue kosa ni ya nani. Hukujua. Mupe Ngenda mukono."

Nilisoma mara moja. Halafu nikarudia mstari wa picha, nikaurudia tena. Uwanja mzima ulikuwa unaningoja.

Miaka miwili nimemchukia mtu kwa kosa la mkono wangu. Ule ule niliousifu kwamba haujui kudanganya. Ulimchora Asani darini, askari wakamshusha. Ukamchora Ngenda na sikio lake, vijana wakamkamata. Na Asani yuko hai! Ilinipasa kupiga magoti na kulia kwa furaha, maana kaka yangu yuko hai.

Sikulia. Nilitazama uso wa Komanda, nikakumbuka neno lake, muongo kati yenu. Nikamtazama Mama Concilie mavumbini. Nikamfikiria Riziki, nitarudi nimwambie nini? Kwamba ni mimi? Nikamtazama Ngenda, na msomaji, hapa ndipo penye haya yangu. Nilimchukia zaidi. Nilimchukia kwa kuwa hakuwa na kosa. Angekuwa na kosa ningeweza kumsamehe siku moja.

"Inasema nini?" Komanda akauliza.

Hakuna mwingine aliyeweza kuisoma. Hakuna, toka Lubarika mpaka mtoni.

"Inasema," nikaanza. "Inasema: 'Tariki, ndugu yangu. Niko mu mikono ya askari. Kesho wananiua. Muntu aliwaleta ni Ngenda, nilimuona na macho yangu mbili. Alipewa kiti ya mbele. Usimusamehe. Unilipizie.'"

Mama Concilie akapiga yowe ambalo ninalisikia mpaka leo nikiandika. Watu wakasimama. Mtu akasema, "Mtoni." Mwingine akasema, "Mbona tunangoja?"

Ngenda hakupiga kelele. Alikuwa amekaa karibu na Asani kule Kigoma siku barua ile inaandikwa, ameambiwa kila neno lililomo. Akanitazama namna alivyokuwa akinitazama dawatini nilipomwaga wino juu ya ukurasa uliokwisha, akingoja tu nione mwenyewe nilichofanya.

Halafu akamgeukia Komanda, kwa upole wake ule ule.

"Komanda, weye uko mwalimu. Nakuomba kitu moja. Mwambie asome tena."

"Tena?"

"Mara ya pili. Karatasi haibadilishake maneno."

Komanda Thaddée akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesahihisha daftari za watoto waongo miaka kumi na moja. Akavuta kiti alichokuwa amekalia Ngenda, akakaa. Akaomba kaye, yaani daftari. Akatoa biki sikioni, akaijaribu juu ya kiganja.

"Tufanye dikte," akasema. "Soma polepole, Wimbi. Minye naandika. Ukimaliza utasoma mara ya tatu, na minye nitafuata na kidole kama maneno iko pale pale."

Nikaiinua karatasi.

"'Tariki, ndugu yangu,'" nikasema.

"Ndugu yangu," Komanda akaandika, akaweka mkato. "Virgule. Endelea."

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikumbuki tena. Nilisema wanamwua kesho, au nilisema leo?